Matunda ya Chini ya Jagi

Siku hizi mtu akiniomba nimtengenezee divai ya jagi, namwambia nimesahau. Muongo mimi. Nimefanya kazi kwenye baa ya hoteli tangu nikiwa mwembamba, na kitu kile mikono yangu inakijua hata nikiwa nasinzia. Unakata matunda, nanasi, machungwa, tufaha, unanyunyizia sukari, unamwagia brandi kidogo, unayaweka kwenye friji yalale humo. Kesho yake unamimina divai nyeupe iliyopoa, na soda unaitia dakika ya mwisho kabisa ili isikate mapovu. Barafu iwe ya mapande makubwa, maana ile ndogo inayeyuka upesi ikakuachia maji ya kunawia mikono. Jua likiwa kali watu wanaifakamia kama juisi, wanakuambia ati haina nguvu, halafu mtu anataka kusimama miguu inakataa. Sisi wenye kazi yetu tunawacheka. Tunajua kwamba kwenye jagi mlevi wa kwanza ni tunda. Limenyonya usiku kucha, wewe umebakiziwa tu.

Hilo nililijua mimi. Mama yangu hakulijua, na angelijuaje, mtu ambaye hajawahi kuonja pombe hata ya kwenye keki?

Nina mdogo wangu, yaani nilikuwa naye, maana nikisema nina, watu watanishangaa. Alikuwa fundi vioo. Watu walimwita Almasi kwa sababu ya kile kikalamu chake cha kukatia chenye ncha ya almasi, kinachopita juu ya kioo kwa sauti ya panya. Fundi mzuri, mcheshi, na mlevi. Sifichi. Alikunywa mpaka macho yakageuka manjano na tumbo likamvimba, na daktari akatuita kwenye korido, mama, mkewe na mimi, akatuambia ini la huyu limekwisha, kilichobaki kinatosha kama hatagusa tena pombe maishani. Akigusa, tusimlaumu mtu.

Na aliacha. Jamani, aliacha kweli! Sisi wenyewe hatukuamini. Joto la mwaka ule likaisha, mvua zikaja zikaenda, na yeye bado anakunywa chai. Mikono ikatulia. Fundi vioo mwenye mkono unaotetemeka hana kazi, ana vipande tu, lakini yeye akaanza tena kupewa kazi za madirisha ya watu wenye majumba. Binti yake, aliyekuwa anamkimbia, akawa anashinda dukani kwake anajitazama kwenye vioo.

Wifi yangu, mkewe, ni fundi cherehani. Si mtu wa kelele. Wengine tukikasirika tunapiga meza, yeye anakunja nguo. Siku mumewe alipotoka hospitali alimwambia mbele yetu sote, huku anakunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa: "Nikisikia harufu kwako mara moja tu, namchukua mtoto naondoka. Sitauliza umekunywa wapi. Sitauliza umepewa na nani." Mdogo wangu akasema sawa. Hakuna aliyedhani anatania, maana wifi yangu hana utani wa hivyo.

Basi joto likarudi, na siku ya kuzaliwa ya mama ikawadia. Tukakubaliana tuifanye uani kwake, watu wachache, majirani na ndugu. Mimi nilisema mwaka huu soda na maji, yaishie hapo. Mdogo wangu ndiye aliyenikatalia.

"Dada, tengeneza jagi lako. Watu wanalisubiri mwaka mzima. Unataka wakae na kiu wakinitazama mimi kama mgonjwa?"

"Wakae na kiu, watakufa?" nikamjibu. "Mimi naona afadhali wanune."

"Mimi si mtoto. Nitengenezee langu la peke yangu, basi."

Nikamtazama wifi. Akaendelea kupiga pasi. Akasema, "Mwenyewe amesema si mtoto."

Hapo ndipo mama akajitolea. Mama yetu alikuwa mpishi wa jikoni la shule mpaka alipostaafu, na jikoni lile lilimfanya alivyo. Kwanza lilimuua pua. Moshi wa miaka yote ile ulimwachia pua ya kupumulia tu, huwezi kumwambia sikia harufu ya kitu. Pili lilimfundisha kutotupa. Kwa mama hakuna kinachoitwa mabaki. Mkate mkavu, wali wa chini ya sufuria, kila kitu kina kazi yake kesho. Tulipokuwa wadogo tuliogopa kuacha chakula kwenye sahani, kwa sababu kitarudi kimebadilishwa jina.

"Jagi la mwanangu nitakaa nalo mimi," mama akasema. "Nione nani atalisogelea."

Nikatengeneza, basi. Majagi yetu ya divai nyeupe, na jagi lake la juisi ya zabibu nyeupe, soda, mnanaa, na matunda mabichi niliyoyakata siku hiyohiyo kwa kisu kingine. Rangi moja, ukiyaweka pamoja hujui lipi ni lipi. Mama akachana kitambaa cha kijani akakifunga kwenye mpini wa jagi la mwanawe, mafundo mawili. Akaweka kiti chake mlangoni pa jikoni, na jagi juu ya stuli pembeni yake. Nikamwambia, "Mama, kinachotoka kwenye majagi yale kisiingie humu hata tone." Akanikemea. "Mimi nimelisha watoto wa shule nzima, hata mmoja hakuumwa tumbo. Wewe unanifundisha nini?"

Joto la siku ile lilikuwa si la kawaida. Viti vya plastiki vilikuwa vinabanduka na suruali za watu. Majagi mawili ya kwanza yaliisha kabla hata jirani mmoja hajamaliza kulalamikia bei ya umeme, na mimi nikawa nimefunga kibwebwe, naenda, narudi, napasua barafu kwa mpini wa kisu kwenye karai. Mdogo wangu alikaa kivulini karibu na mama. Alikuwa amechangamka, anawasimulia watu habari ya mama mwenye nyumba aliyetaka kioo kinachomwonyesha mwembamba. Watu hoi. Anapenda matunda, toka utotoni, kwa hiyo alikuwa hanywi sana, anachota matunda kwa kijiko mpaka glasi inabaki juisi tupu. Mama anamtazama anavyokula na unaona roho yake imetulia. Nami roho yangu ilitulia, niseme kweli. Nilifikiri, kumbe tunaweza.

Halafu nikainua macho kutoka kwenye barafu nikamwona mdogo wangu amesita. Alikuwa ameshika glasi, kijiko kipo mdomoni. Akakitoa polepole. Akachungulia ndani ya glasi, kisha akamtazama mama. Mama akampungia mkono wa kumwambia endelea.

"Kula, baba. Nimekuchagulia mazuri."

Akala. Nilimwona akila mpaka ya mwisho, kisha akampa mama glasi akaongezewa, na hiyo nayo akaila kimya, hasimulii tena. Nikadhani joto limemchosha. Watu wakaniita wanataka jagi jingine, nikaenda jikoni.

Kwenye sinki kulikuwa na majagi yangu mawili matupu, masafi, hata kipande cha chungwa hakuna. Chujio kimelazwa pembeni kinadondosha maji. Nikasimama.

"Mama," nikamwita pale mlangoni. "Matunda ya majagi haya yako wapi?"

"Nimempa mdogo wako. Yake yaliisha."

"Umempa matunda ya humu?"

"Nimeyaosha!" mama akasema, tena kwa kuudhika. "Nimeyaosha kwa maji mengi, mara mbili. Divai yote nimeimwaga. Nanasi zuri vile mnataka kulitupa? Mna wazimu nyie watoto."

Nikachota kipande kwenye jagi lenye kitambaa cha kijani, nikatia mdomoni. Sukari, nanasi, na brandi ikapanda mpaka puani. Maji yalikuwa yameosha nje tu. Ndani lilikuwa limelewa kama lilivyotoka kwenye friji.

Nilitoka mbio, ndala moja ikabaki jikoni. Nilikuwa nimechelewa. Wifi yangu alikuwa ameshafika pale kivulini, amemletea mumewe taulo ya kufutia jasho, na alikuwa ameinama mbele ya uso wake. Hakuwa anambusu. Alikuwa ananusa.

"Umekunywa," akasema.

Hakupiga kelele, lakini watu wote walimsikia. Hata jirani wa umeme alifunga mdomo. Nikafungua changu. Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi: si yeye, ni matunda, ni mama. Mdogo wangu akanitazama. Kisha akamtazama mama, aliyekuwa ananyanyuka kwenye kiti kwa shida, ameshikilia jagi lake kifuani kwa mikono miwili. Akatikisa kichwa kidogo sana, kwangu mimi tu.

"Nimekunywa," akasema kwa sauti ya kusikika. "Dada alipokuwa anapasua barafu, nimejimiminia kwenye jagi lenu."

Loo! Sijawahi kumwona mama vile. Aliliweka jagi chini, akachukua kitambaa cha mezani akampiga nacho, begani, kichwani, popote, mtu mzima yule na mtoto wake anatazama. "Nimekulinda mchana kutwa!" alikuwa anasema. "Mchana kutwa nimekaa na hili jagi! Huna aibu? Huna hata huruma na mimi?" Na yeye ameinamisha kichwa, anapokea. Anasema tu, "Nisamehe mama. Nisamehe."

Wifi yangu alimwita binti yake, akamvalisha viatu, akamfunga kamba vizuri bila haraka. Akamwambia mama heri ya kuzaliwa. Wakatoka getini. Neno lake alikuwa amelisema mwaka mzima kabla, hakuwa na la kuongeza.

Kesho yake nikamfuata mdogo wangu dukani kwake. Nilikuwa nimefura, sikuwa na salamu. Alikuwa amelaza kioo mezani, amekipima, hajakikata.

"Nenda kamwambie mkeo," nikasema. "Nenda sasa hivi, au naenda mimi. Huwezi kuvunja nyumba yako kwa ajili ya nanasi."

"Halafu yeye atanyamaza?"

"Kwa nini anyamaze?"

"Ndiyo hivyo. Atakwenda kumuuliza mama. Na mama atajua kwamba ni mkono wake." Akavuta stuli akakaa. "Dada, wewe unamjua mama. Mtu aliyewahi kulia kwa sababu maziwa yamechacha. Utambebesha hili?"

"Kwa hiyo ulibebe wewe, usiye na kosa!"

Akacheka. Kicheko chake cha zamani kile, cha mlangoni pa baa, sikukipenda.

"Kijiko cha kwanza sikujua," akasema. "Cha pili nilijua. Nilikijua kabla sijakitafuna. Ningeweza kutema, dada. Ningeweza kumwambia mama tumbo linauma, nikaondoka. Nilikula glasi nzima nikaomba nyingine. Sasa kijiko cha kwanza tumpe mama. Hivyo vingine vyote ni vya nani? Mke wangu ataniuliza habari ya hivyo vingine, unamjua. Nitamjibu nini?"

Nikachukua kitambaa chake nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Sikudanganya sana," akasema. "Niapie hutamwambia mama."

"Siapi kitu."

"Dada."

Nikamwapia. Nilimwapia huku namtukana, lakini nilimwapia. Nikamwambia, basi uanze upya, siku moja si mwaka, ulishaacha mara moja utaacha tena, na mkeo ataona. Akasema ndiyo. Akasema amesikia. Akanyanyua kikalamu chake akakipitisha juu ya kioo, na mimi nilisikia ile sauti ya panya inakatika katikati.

Sitaki kuyavuta marefu yaliyofuata, yananiudhi. Hakuanza upya. Nyumba tupu haikumsaidia, na mama alikataa kumwona; alisema mpaka aje ameacha. Kila nilipokwenda kwa mama kumwombea, aliniuliza mimi ni nani wa kumtetea. "Divai uliileta wewe," aliniambia. "Nyumbani kwangu hakujawahi kuingia pombe mpaka wewe na majagi yako." Nikameza. Kauli ilikuwa pale kooni, mama, ni wewe, ni wewe na chujio lako, na niliimeza kila mara mpaka ikawa kama dawa ya kumeza. Kuna siku nilimchukia, niseme nini? Nilimchukia mama yangu akiwa amekaa mbele yangu anapanga vipande vya sabuni alivyoviunga vikawa sabuni moja.

Mdogo wangu akafunga duka. Akavimba tena. Tulimpeleka hospitali ileile, korido ileile, na daktari hakutuita pembeni safari hii. Alifariki joto lingine halijaanza. Mama alikuja siku ya mwisho, akamshika miguu. Alimsamehe. Alimwambia, "Nimekusamehe baba, ulinidanganya lakini nimekusamehe." Naye akasema, "Asante mama."

Baada ya maziko watu walirudi nyumbani kwa mama, wakajaa sebuleni, kimya kile cha vikombe. Wifi yangu alikuja. Alikaa pembeni kabisa, amevaa nyeusi aliyoishona mwenyewe, mtoto amemlalia mapajani. Hakuna aliyemwonyesha ubaya, wala yeye hakutafuta huruma. Mama alikuwa anawasimulia wageni, unajua wazee wanavyosimulia baada ya msiba, anaruka huku na huku, utoto wake, vioo vyake, kicheko chake. Kisha akafika kwenye siku ile.

"Mimi kwa upande wangu nilijitahidi," akasema. "Nilikaa na jagi lake mpaka mwisho. Pombe aliichukua kwingine, kwangu hakuipata. Kwangu alipata matunda tu. Alikula siku ile! Glasi mbili za matunda. Yake yalipoisha nilichukua yale ya kwenye majagi ya wakubwa, nikayachagua mazuri, nikampa. Angalau alikula kwa mkono wangu."

Wifi yangu akainua kichwa.

"Matunda gani, mama?"

"Yale ya chini. Dada yako huyu alitaka kuyatupa. Niliyaosha vizuri, usiwe na wasiwasi."

Wifi yangu ni mtu wa kupima. Anakutazama mara moja anajua kiuno chako na mabega yako. Alimtazama mama. Akanitazama mimi, na sikuweza kuuficha uso wangu, nimejaribu miezi yote ile lakini wakati ule sikuweza. Niliona linamwingia. Mkono wake uliokuwa kwenye kichwa cha mtoto ukasimama. Nikasema moyoni, sasa atasema, na ana haki, na mimi sitamzuia.

Mama akamwuliza, "Kwani ulimwona anavyokula?"

"Nilimwona, mama," wifi akasema. "Alikula vizuri."

"Eeh," mama akasema, akaridhika, akawageukia wageni. "Hata mkewe alimwona."

Tuliinuka pamoja kwenda kuosha vikombe. Jikoni ni lilelile, sinki lilelile, chujio limetundikwa ukutani kwenye msumari wake. Alisimama mbele ya bomba bila kulifungua. Nikamshika bega, akaniondoa mkono taratibu.

"Kwa hiyo hakunywa," akasema. "Niliondoka na mtoto wake, na hakunywa."

"Wifi."

"Niambie ukweli. Usinipake mafuta. Alijua anakula nini?"

Nilimwapia marehemu kwamba sitamwambia mama. Juu ya mkewe hakuniapisha. Ningeweza kusema hakujua, akabaki msafi kabisa, mdogo wangu, mtu aliyeonewa. Na huyu mwanamke akakaa na jambo hilo maisha yake yote, anakunja nguo.

"Kijiko cha kwanza hakujua," nikasema. "Cha pili alijua. Aliniambia mwenyewe. Alijua, akamaliza glasi, akaomba nyingine."

Akafumba macho. Sauti ya mama ikatufikia kutoka sebuleni, anatuambia tusimwage majani ya chai yaliyobaki kwenye birika, bado yana rangi.

"Sawa, mama," wifi akamjibu. Akafungua bomba, akanipa kikombe cha kwanza nikifute.